Simu Mbili, Kaunta Moja

"Mama, subiri kidogo, kwangu bado haijaingia."

"Huku kwangu imeshakatwa, mwanangu. Tazama."

"Naiona, mama. Lakini mimi naangalia ya kwangu."

Mazungumzo ya namna hii nimeyasikia mara nyingi kwenye vibanda vya mawakala wa pesa za simu, na kila mara husimama kuyasikiliza mpaka mwisho hata kama shughuli yangu imekwisha. Mama ameandika namba ya wakala, ameandika 20,000, ameweka namba ya siri huku simu kaifunika kwa upande wa kanga. Simu yake imelia. Ya wakala haijalia. Noti zimeshahesabiwa, zimelala juu ya kaunta chini ya kiganja cha wakala, na kiganja hakinyanyuki.

Tumezoea kudhani kiolesura ni kitu kinachokaa kwenye kioo kimoja: vitufe, menyu, rangi. Hapa kimekatwa vipande. Kipande kimoja kiko kwenye simu ya mama, kingine kwenye simu ya wakala, cha tatu kwenye seva ya kampuni ambayo wote wawili hawaioni na ndiyo yenye neno la mwisho, na cha nne ni droo ya mbao yenye noti, isiyo na waya wala betri. M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, meseji mbili, moja kwa mteja na moja kwa wakala, ziliwafundisha watu wa kawaida kuishi na kiolesura cha vifaa vingi bila kukipa jina hilo.

Wapo watu ambao kazi yao ni kuketi na karatasi, kabla rangi ya kitufe chochote haijachaguliwa, na kuandika kila hali ambayo vipande kama hivi vinaweza kujikuta ndani yake kwa pamoja. Si hali zile tunazozitaka tu. Zote, pamoja na zile ambazo hakuna aliyezikusudia. Vyuoni kazi yao huitwa mbinu za kihisabati za usanifu. Mimi nimeitazama kwa miaka kadhaa kama mtu anavyomtazama fundi wa majahazi akipima ubao kabla ya kuupiga msumari, na nimeipenda. Nataka kueleza kwa nini.

Nianze na David Harel, mwanahisabati wa Taasisi ya Weizmann huko Israel. Mwaka 1983 alikuwa akienda siku moja kwa wiki kwenye kiwanda cha ndege cha nchi hiyo, kuwasaidia wahandisi waliokuwa wakibuni mifumo ya ndege ya kivita iliyoitwa Lavi. Amesimulia mwenyewe kwamba wataalamu aliowakuta walikuwa mabingwa kila mmoja katika lake: rada, redio, silaha, skrini za rubani. Nyaraka zao zilikuwa nene. Lakini alipouliza swali ambalo hata mtoto angeliuliza, kwamba rubani akibonyeza kitufe hiki ndege ikiwa katika hali ile kitatokea nini, jibu halikupatikana mahali pamoja. Kipande chake kilikuwa ukurasa huu, kingine sura ile, kingine kichwani mwa mtu.

Harel akaanza kuchora. Kwanza alichora visanduku ndani ya visanduku: hali kubwa ikibeba hali ndogo tumboni, ili mshale mmoja unaotoka kwenye kisanduku cha nje uzihudumie zote zilizomo. Kisha akagawa kisanduku kwa mstari wa vipande vipande, upande huu mambo ya rada, upande ule mambo ya redio, yote yakienda kwa wakati mmoja bila kusubiriana. Makala yake ilichapishwa mwaka 1987, na mfano aliouchambua humo kwa kurasa nyingi haukuwa ndege. Ulikuwa saa ya mkononi, Citizen Quartz Multi-Alarm III, yenye vitufe vinne. Naipenda sana hatua hiyo ya kuichukua saa ambayo mtu yeyote angeweza kuinunua dukani, kuikalisha mezani, na kuiuliza kitufe kwa kitufe: nikikubonyeza sasa utafanya nini? Na sasa? Serikali ya Israel iliufuta mradi wa Lavi mwaka huohuo. Michoro haikufutika. Mwaka 2015 W3C, shirika linalotunga viwango vya wavuti, liliiweka katika kiwango kiitwacho SCXML, na watengenezaji wa programu za simu wanaichora mpaka leo.

Ule mstari wa vipande vipande ndio unaotuhusu. Turudi kwenye kaunta tuhesabu. Simu ya mama ipe hali sita: iko kwenye menyu, inaandikwa namba ya wakala, kinaandikwa kiasi, inaandikwa namba ya siri, inasubiri, imepata jibu. Seva ipe nne: haijapokea ombi, imepokea, imekamilisha, imekataa. Simu ya wakala ipe mbili, imepata meseji au haijapata. Noti nazo mbili, ziko kwa wakala au ziko kwa mteja. Ukizidisha unapata hali 96, na huu ni mfano mdogo ambao hauna hata kitufe cha kurudi nyuma. Anayejaribu kuchora maduara 96 kwenye karatasi moja atakata tamaa kabla ya saa ya chai. Lakini ukizichora pembeni kwa pembeni, kila kipande na safu yake, maduara ni 14 tu. Zile 96 hazijaenda popote. Zimekunjwa, na unaweza kuzikunjua moja moja ukitaka kuiuliza swali kila mojawapo.

Nami nimewahi kukaa na rafiki yangu mmoja, mhandisi wa programu, tukazikunjua zote 96 barazani kwake. Yalikuwa mazoezi tu, muamala wa kwetu wa kwenye karatasi, si wa kampuni yoyote. Tulianza na sheria tatu. Noti zisiende kwa mteja kabla seva haijakamilisha. Simu ya wakala isipate meseji ya uthibitisho kabla seva haijakamilisha. Noti zisitoke kabla wakala hajapata meseji yake. Tukapitisha kalamu nyekundu. Hali 60 zilianguka kwa sheria hizo peke yake, zikabaki 36. Kila moja kati ya zile 60 ni tukio ambalo lingeweza kumtoa mtu machozi: wakala aliyekabidhi noti kwa muamala uliokataliwa, au aliyeonyeshwa meseji ya kughushi kwenye simu ya mgeni akaiamini. Maneno ya wakala yule, kwamba anaangalia ya kwake, ni sheria ya tatu. Anailinda kwa kiganja.

Namna nyingine ya kuchora hunivutia zaidi, na nadhani mtu wa pwani ataielewa haraka kuliko aliyefundishwa darasani. Carl Adam Petri, Mjerumani, aliieleza mbegu yake katika tasnifu ya mwaka 1962 huko Darmstadt. Nyavu za Petri zina mashimo, zina kete, na zina kanuni ya lini kete zihame. Yaani bao. Kila shimo ni hali inayoweza kuwa kweli, kete iliyomo inasema ni kweli sasa hivi. Kati ya mashimo kuna mipito, na mpito hauwezi kwenda mpaka kila shimo linaloulisha liwe na kete. Ukienda, unachukua kete moja kutoka kila shimo la nyuma na kuweka moja katika kila shimo la mbele. Tofauti na bao ni kwamba hakuna zamu. Mpito wowote ulio tayari unaweza kwenda, wa huku na wa kule, bila kupeana ruhusa, na ndivyo simu mbili zinavyoishi.

Kwenye wavu wa kaunta yetu kuna mpito mmoja uitwao "kabidhi noti". Unalishwa na mashimo mawili: "meseji imefika kwa wakala" na "noti zimehesabiwa". Shimo la pili lina kete tangu mapema. La kwanza ni tupu. Kiganja kisichonyanyuka ni mpito huo ukisubiri kete ya pili, na sijaona mchoro mwingine wowote, wa mshale wala wa kisanduku, unaoonyesha kusubiri kwa uwazi namna hiyo.

Kuna na jambo la hesabu. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Mchezo ukianza kila mchezaji ana 10 ubaoni na 22 mkononi. Cheza utakavyo, kula, lala, takata. Simamisha mchezo popote, hesabu za ubaoni na za mikononi, ni 64. Wachoraji wa nyavu za Petri hutafuta hasa kitu cha namna hiyo: jumla isiyobadilika hata mipito iende kwa mpangilio gani. Kwenye muamala wetu ni pesa. Salio la mama, floti ya wakala, noti za kwenye droo na noti za mkononi mwa mama, ongeza shimo la tano kwa ajili ya ada ya kutoa, jumla yake haipaswi kubadilika muamala ukishatulia. Na ikiwa mchoro wenyewe unathibitisha hivyo, huna haja ya kujaribu njia zote moja moja. Umethibitisha kwa zote kwa mpigo mmoja, hata kwa zile ambazo hujaziwaza. Hapo ndipo huwa naacha kuongea nikatazama tu.

Nimekwenda mbio mno, nirudi kaunta, kwenye ule muda wa kusubiri. Kuna ukweli mmoja mgumu ambao hakuna ufundi unaouondoa. Jim Gray, bingwa wa hifadhidata, aliueleza mwaka 1978 kwa kisa cha majenerali wawili walio kwenye vilima viwili, adui akiwa bondeni kati yao. Wanataka kushambulia pamoja, na njia pekee ya kuwasiliana ni tarishi anayepita bondeni, ambaye anaweza kukamatwa. Wa kwanza anatuma: tushambulie alfajiri. Je, imefika? Anahitaji jibu. Wa pili anajibu, lakini naye hajui kama jibu limefika, anahitaji jibu la jibu. Hata wakitumiana matarishi mia, yule aliyetuma wa mwisho atabaki na shaka. Ikiwa mtandao unaweza kupoteza ujumbe, simu mbili haziwezi kamwe kuwa na uhakika kamili kwa pamoja.

Mtu mwingine angesikia hivyo akakata tamaa. Mafundi hawa wanauliza swali tofauti: kwa kuwa shaka haiondoki, nani aibebe? Kwenye kaunta jibu limechaguliwa. Simu zote mbili ni vioo tu vya seva, seva ndiyo inayosema kweli, na anayekabidhi noti ndiye anayesubiri kioo chake. Mama anabeba shaka kwa dakika chache akiwa hana noti wala salio. Si haki kamili. Lakini shaka hiyo ina mwisho, kwa sababu seva inajua kilichotokea na inaweza kuulizwa tena, wakati noti iliyokwishatoka mlangoni haiulizwi.

Nisije nikaonekana namsahau mtu nikabaki na mashine. Fabio Paternò na wenzake wa Pisa, Italia, waliunda katika miaka ya 1990 mtindo wa kuchora kazi kama mti, ConcurTaskTrees, na uzuri wake ni kwamba mtu yumo ndani ya mchoro. Tawi moja linaweza kuwa la mashine, jingine la mtu na mashine kwa pamoja, jingine la mtu peke yake. "Anakumbuka namba ya siri" ni tawi. "Anaamua kama amwamini huyu wakala" ni tawi. Kazi ikiwa ya watu wawili, kila mmoja anachorewa mti wake, halafu unachorwa mti wa tatu ambao hauna kazi nyingine ila kusema nani amsubiri nani. Nimeuona mti wa tatu wa namna hiyo ukiwashangaza watu wanaotengeneza programu kwa miaka mingi, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameshachora wa mteja, ameshachora wa wakala, na kusubiriana kulikuwa hakujaandikwa popote.

Na mti haujali aina ya simu. Mwaka 2003 kundi la watafiti wa Ulaya, wakiwemo Gaëlle Calvary na Joëlle Coutaz wa Grenoble na Jean Vanderdonckt wa Ubelgiji, walipanga usanifu kwa ngazi nne zinazoshuka kutoka kazi yenyewe mpaka kiolesura kinachoonekana. Mwenye simu janja na mwenye kiswaswadu wanakutana ngazi ya juu, wanaachana chini tu, kwenye vitufe. Sina la kuongeza hapo zaidi ya kwamba ni busara.

Toulouse, Ufaransa, mji wa Airbus, ndiko Philippe Palanque na Rémi Bastide walikozichukua nyavu za Petri wakazifanya ziendeshe violesura vyenyewe, si kuvieleza tu, na kazi hiyo ikafika hadi kwenye skrini za chumba cha marubani. Huko kuna kiwango kiitwacho ARINC 661, kinachotenganisha kompyuta inayoonyesha vitufe na kompyuta inayojua maana ya vitufe hivyo; zinaongea kwa ujumbe tu. Rubani anagusa hapa, kinachoamua kiko kwingine, na kati yao kuna muda mfupi ambao kioo na ukweli havilingani. Ni kaunta ileile, ila iko juu ya mawingu na wanaoitegemea hawawezi kurudi kesho kulalamika.

Hesabu zikizidi uwezo wa kalamu, kazi ya kukunjua hupewa kompyuta. Leslie Lamport ametoa lugha ya TLA+, unayoandikia hali na mipito, na chombo chake kinapita kila njia kikitafuta ile inayovunja sheria yako. Wahandisi wa Amazon walisimulia mwaka 2015 jinsi kilivyowatolea kosa ambalo njia fupi kabisa ya kulifikia ilikuwa na hatua 35. Hakuna mtu anayewaza hatua 35 mbele kwa ajili ya msiba asioujua. Lakini chombo hakikuambii nini cha kutaka. Sheria ni za kwako, na ukisahau kuandika kwamba mtoto wa duka anaweza kuwa ndiye ameshika simu ya wakala, kitakaa kimya kuhusu mtoto huyo milele.

Barazani kwa rafiki yangu tulifika hapo jioni. Chombo kilituonyesha njia fupi, ya hatua tisa. Mama ametuma ombi. Mtandao umeyumba, menyu imejifunga, simu yake haijapata jibu. Anarudia. Ombi la kwanza lilikuwa limechelewa tu njiani. Linafika, la pili nalo linafika, na 20,000 imekuwa 40,000. Hakuna sheria yetu hata moja iliyovunjwa ila ile ya nne tuliyoiongeza dakika za mwisho: nia moja, makato mara moja tu.

Sehemu ya kwanza ya dawa ilikuwa rahisi. Kila nia ipewe namba yake pale mama anapoanza, na akirudia irudi namba ileile, ili seva ijue ni jambo lilelile limesemwa mara mbili. Simu yake nayo tukaiongezea duara la saba, tukaliita "sijui". Hali zilipanda kutoka 96 hadi 112, maduara kutoka 14 hadi 15. Nililipenda duara hilo kuliko yote. Simu nyingi hazina. Zinazungusha kialama mpaka mtu achoke, au zinasema imeshindikana wakati hazijui kama imeshindikana. Yetu ingesema wazi: sijapata jibu, nauliza, usiondoke kwa wakala.

Tatizo likabaki kwenye kutoka humo. Simu inaiuliza seva kuhusu namba ile. Seva ikijibu imekamilisha, mshale unakwenda kwenye jibu. Ikijibu imekataa, vilevile. Ikijibu imepokea na bado inashughulikia, simu inabaki palepale na kuuliza tena baadaye. Lakini ikijibu kwamba namba hiyo haijawahi kuiona? Rafiki yangu akataka kuandika "imeshindikana". Nikashika kalamu yake. Kutoiona si kwamba haitakuja. Huenda ombi bado liko njiani, kama tarishi aliyelala kichakani, na likifika baada ya mama kuondoka pesa itakatwa.

Tulilala bila jibu. Asubuhi alinipigia kabla sijanywa chai. Seva ikiulizwa kuhusu namba isiyoijua, alisema, isijibu tu. Wakati huohuo iiandike namba hiyo kuwa imekataliwa. Basi ombi lililochelewa likija litakuta jina lake limeshafungiwa mlango, na jibu aliloambiwa mama litakuwa kweli kuanzia pale lilipotamkwa. Swali lenyewe likipotea njiani hakuna ubaya, linaulizwa tena, kwa kuwa kufunga mlango mara mbili ni sawa na kuufunga mara moja. Halikuhitajika duara jipya. Kulikuwa na "haijapokea" na kulikuwa na "imekataa" tangu mwanzo, na kati yao pengo la sentimita mbili ambalo hatukuwa tumechora kitu. Akachora mshale, akaandika juu yake "ikiulizwa", akakiendesha tena chombo. Kilipita hali zote kikanyamaza.